Mzee, Mpakate Mtoto!

Tumerudi salama, Alhamdulillahi, mimi na bibi na wajukuu wetu watatu. Naanza na shukrani hiyo si kwa ada ya waandishi, bali kwa kuwa katika siku tulizokaa Nairobi zilikuwako nyakati ambapo sikuwa na yakini ya kuwarudisha wote kwa mama zao.

Safari ilikuwa ahadi ya zamani, na ahadi ni deni. Mkubwa ana miaka tisa, wa kati sita, mdogo miwili. Tulipanda garimoshi la saa tisa alasiri pale Miritini. Nauli ya daraja la chini ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na si kidogo kwa mtu wa kwetu. Lakini mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu, na aliye chini ya hapo halipi kitu. Kwa shilingi 4,500 tukafika sote, na wale wawili wakubwa kila mmoja akiwa na kiti chake na dirisha lake, wakihesabu ndovu wa Tsavo. Kwa hilo sina lawama.

Lawama yaanzia Syokimau, usiku, watoto wamelala. Garimoshi la kale, lililobeba abiria hadi mwaka 2017, lilikuwa goigoi, wala halikujua saa. Lakini lilikulaza Mombasa mjini na kukuamsha katikati ya Nairobi. Hili jipya lina kituo nje ya mji huku na nje ya mji kule. Liko garimoshi dogo la kukufikisha stesheni kuu, naam, ila ni kushusha mizigo na kuipandisha tena, mtoto begani, na mwengine akivutwa mkono huku amefumba macho. Maili mia tatu zilitupita kama mchezo. Zile kumi na kitu za mwisho ndizo zilizotutoa jasho.

Kutoka stesheni tukashika matatu kwenda Eastleigh, kwa jamaa. Hatujakaa sawasawa, manamba akanena, "Mzee, mpakate mtoto! Na huyo mwengine apakatwe na mama." Wa kwanza ni yule wa miaka miwili, nikakubali. Wa pili ni wa miaka sita, mrefu wa miguu kama korongo. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu nitamlipia kiti." Akanitazama kama niliyesema Kihindi. Jioni ile watu walikuwa wengi, nauli imepanda, na abiria wa nyuma wakaanza kuguna. Bibi akampakata. Nami nikanyamaza, na hilo la kunyamaza lingali likiniuma.

Kijana yule simlaumu peke yake. Gari si lake. Kuna tajiri anayengojea hesabu yake kila jioni, na kinachozidi hesabu ndicho riziki ya dereva na manamba. Kwa hesabu hiyo kila kiti ni fedha, na mtoto ni kitu kinachokula kiti na kulipa pungufu. Sheria zilizoanza kutumika Februari 2004 zilileta mikanda na kumpa kila abiria kiti chake. Lakini mkanda mmoja haufungi watu wawili, na gari likigonga, mikono ya bibi haimzuii mtoto. Uzito wa bibi wenyewe humwangukia. Kila mama wa Nairobi anajua hivyo, na kila siku anapakata, kwa kuwa la sivyo atabaki kituoni.

Siku ya pili tuliivuka barabara ya Uhuru kwa miguu. Yule wa miaka tisa amefundishwa shuleni kwamba kijani ni kwenda. Taa ikageuka kijani, akatia mguu, nikamvuta kwa kola. Palikuwa na askari akiongoza magari kwa mkono, na magari yalimfuata yeye, si taa. "Babu, si kijani?" Nikamwambia kweli ni kijani. Juu ya vichwa vyetu ilipita ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, magari yakiteleza kama mashua yenye upepo wa nyuma. Wanaokwenda kwa miguu na kwa matatu ndio wengi Nairobi, na hao wako chini, wanangoja mkono wa askari.

Mwaka 2018, mwezi wa Desemba, wakubwa wa jiji walipiga marufuku matatu kuingia katikati ya mji. Watu wakatembea masafa marefu, wazee, wagonjwa, wenye watoto mgongoni, na amri ikasimamishwa upesi. Mwaka uo huo ilichorwa mistari myekundu katika barabara ya Thika, ati ni njia ya mabasi ya kasi. Rangi ilitangulia, mabasi yakakawia. Jirani zetu wa Dar es Salaam wanayo tangu 2016. Yanajaa kupita kiasi, sikatai, lakini jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, na mtoto wa miaka miwili huingia kwa miguu yake mwenyewe.

Mahali pamoja tu mjini watoto walipumua: Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Maji ya kutawadha, choo, kivuli, na nafasi ya kunyoosha miguu baada ya Adhuhuri. Nikajiuliza mgeni asiye na msikiti humpeleka wapi mtoto aliyebanwa na haja.

Siku ya kurudi nilimwahi manamba kabla hajasema. Nikampa nauli ya watu watano. Akahesabu fedha, akahesabu vichwa, akahesabu fedha tena. "Mzee, umezidisha." Nikamwonyesha mdogo, amekaa kitini, mkanda umempita shingoni kwa kuwa haukushonwa kwa kimo chake. Akacheka, akapiga bati, tukaondoka. Kabla ya kufika stesheni aliniomba mara mbili nimpakate.