Subira Haijawahi Kumtibu Mlevi

Kwenye kicheni pati za Dar es Salaam kuna fundisho ambalo halikosekani. Bibi harusi mtarajiwa amekalishwa, kanga begani, masufuria ya zawadi yamepangwa pembeni, na somo anamwambia mbele ya mashangazi kwamba mume ni mtoto, hulelewa. Akirudi amelewa, mvue viatu, mpashie chakula, usimuulize kitu usiku. Mambo ya ndani yabaki ndani. Mvumilivu hula mbivu. Vigelegele vinafuata.

Katika yote hayo la kweli ni moja tu: kugombana na mtu aliyelewa usiku hakuna faida. Yaliyobaki ni hadaa. Hakuna mlevi, teja wala mcheza kamari aliyepona kwa sababu mtu wa nyumbani kwake alijua kuvumilia, na anayeahidiwa hivyo anaibiwa miaka ya maisha yake.

Tazama kazi anayoifanya mke wa mlevi kwa mwezi mmoja. Jumatatu asubuhi ndiye anayempigia bosi simu: leo mzee ameamka na malaria. Jioni anapitia grosari kulipa deni la bia ambazo hakuzinywa. Tarehe ya mshahara anakaa macho, ajue hela itafika nyumbani kabla ya baa au baada. Mkopo wa kikoba unaziba ada ya shule. Watoto wakiuliza, baba amechoka, mwacheni alale. Mlevi anaamka saa nne. Kazi bado anayo, deni limelipwa, chai iko mezani. Aache pombe kwa sababu gani?

Kwa mama wa teja ni yale yale, ila makali zaidi. Kijana ana arosto, anatetemeka, anatapika, anamlilia mama. Mama anatoa hela ya kete ili usiku upite salama. Wiki ijayo feni ya sebuleni haionekani, na mama anawaambia wageni imepelekwa kwa fundi.

Wanaume nao wamo. Yupo mume anayelipa kimyakimya madeni ya mkewe anayebeti, na kaka anayemtoa mdogo wake polisi kila baada ya miezi miwili. Lakini sifa za uvumilivu hupewa zaidi wanawake, na bili huwa yao.

Anayebeba naye hunasa. Mwenzake akiwahi kurudi, nyumba nzima ina sikukuu. Akichelewa, hakuna anayeonja chakula. Anajua mlio wa geti kuliko anavyojua afya yake mwenyewe. Kwaya ameacha, shoga zake hawaoni tena, na akiulizwa anataka nini, atajibu mume anataka nini. Wanasaikolojia huita hali hii utegemezi wa kihisia: mtu ameyafunga maisha yake kwenye tabia ya mtu mwingine, hadi kuokoa kumekuwa kilevi chake. Si ugonjwa ulioorodheshwa. Mwaka 1986 daktari Mmarekani Timmen Cermak alipendekeza utambuliwe rasmi kuwa tatizo la haiba, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani haukuupokea. Kwa hiyo mshauri anayempachika mtu jina hilo baada ya dakika tano za mazungumzo ashukiwe. Hata hivyo, kukosa nafasi kwenye mwongozo hakuwafanyi wanaoteseka wawe wazima.

Watetezi wa subira wangejifunza kwa Lois Wilson. Aliolewa na Bill Wilson mwaka 1918, na mume akanywa hadi Desemba 1934. Kwa karibu miaka 17 Lois alifanya yote ambayo somo wa Dar es Salaam angemshauri: alifanya kazi katika duka la Macy's la New York ili nyumba iende, alimuuguza, alimsihi, alimficha. Bill alikuja kuacha baada ya rafiki yake wa zamani wa ulevi kumtembelea akiwa ameacha, kisha Bill mwenyewe akalazwa hospitali. Mwaka 1935 akawa mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe.

Hapo ndipo hadithi inapochangamka. Mume sasa haonji pombe. Jumapili moja anamwambia mkewe afanye haraka, wanachelewa mkutano. Lois anamrushia kiatu, na kuilaani mikutano yake. Alishtuka mwenyewe. Alichotamani kwa miaka yote amekipata, kumbe ana hasira, kwa kuwa watu wengine waliweza alichoshindwa yeye, na hakuna tena wa kumwokoa. Ulevi ulikuwa umekwisha, yeye alikuwa hajapona. Mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu na wenzi wa walevi, ambamo mgonjwa anayezungumziwa ni yule asiyekunywa.

Anayetaka takwimu zipo. Mwaka 1999 William Miller, Robert Meyers na mwenzao wa Chuo Kikuu cha New Mexico walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 130 wenye ndugu au wenzi walevi waliokataa tiba. Kundi moja lilielekezwa kwenye njia ya Al-Anon, la pili likaandaliwa kumkabili mlevi kwa kikao cha familia. La tatu lilifundishwa mbinu: acha kufuta madhara ya pombe yake, mpe raha ya kuwa naye anapokuwa mkavu, rudia maisha yako, jua hatari ikikaribia. Walevi walioingia kwenye tiba walikuwa asilimia 13 kwa kundi la kwanza, 30 kwa la pili na 64 kwa la tatu. Haki isemwe: Al-Anon haikuwahi kuahidi kumleta mlevi hospitali. Lakini kundi lililoongoza ndilo lililofundishwa kuacha kumpigia bosi simu.

Itasemwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu, sisi tuna wazee, mashehe na wachungaji. Wazee wana kazi yao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wengi wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani. Baraza huwaketisha wawili na kuuliza nani amekosa. Halina muda wa kukaa na mke peke yake wiki kumi na mbili, kujua kwa nini anaona dhambi kulala usingizi mume akiwa baa. Na mchungaji anayeombea ndoa kila Jumapili anaweza kuwa mtu wa tatu anayemfunika mlevi.

Kipigo ni suala jingine, na kisichanganywe na utegemezi. Mpigwaji si mgonjwa anayesababisha kupigwa. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa viboko, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliwakuta asilimia 58 ya wanawake na 40 ya wanaume wakikubali angalau sababu moja ya mume kumpiga mke. Mwimbaji wa injili wa Nigeria, Osinachi Nwachukwu, alifariki Aprili 2022. Ndugu zake walisema walimsihi aondoke, naye alikuwa akitumaini mume atabadilika. Mwaka 2025 mahakama ya Abuja ilimhukumu mume huyo adhabu ya kifo kwa kusababisha kifo chake. Penye kipigo, ushauri wa wawili kwenye chumba kimoja ni hatari, maana kinachosemwa pale hulipiwa nyumbani. Pa kuanzia ni dawati la jinsia la polisi, na kwa Kenya simu ya bure 1195.

Kwa wengine, mtaalamu anapatikana, ingawa jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi na watu huogopa kuonekana kliniki. Hospitali ya Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na tangu 2011 hutoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Mama wa teja anayemsindikiza mwanawe aulize pale na huduma yake mwenyewe. Soba hausi nyingi nazo hukutana na familia. Halmashauri zina maofisa ustawi wa jamii. Nchini Kenya sheria ya 2014 inawataka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe na bodi yao, hivyo kuomba kuona cheti si utovu wa adabu. Simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na ni ya bure, na ndugu wa mlevi pia hupokelewa.

Siku ya kwanza mteja aulize: umesomea wapi, umewahi kufanya kazi na familia za walevi, tutajuaje kwamba ninaendelea vizuri? Akijibiwa “mlete mumeo nimnyooshe”, achukue mkoba wake. Akiambiwa apige simu saa yoyote, hata usiku wa manane, ajue anabadilishiwa tu mtu wa kumtegemea. Mshauri mzuri ataanza na mambo madogo yanayouma: wiki hii deni la grosari lisilipwe, na Jumatatu simu ya kazini apige mwenye kazi.

Mabaraza ya usuluhishi yanaweza kusaidia hata kabla Sheria ya Ndoa haijarekebishwa. Kila baraza lipewe majina ya wataalamu wa hospitali ya rufaa ya mkoa wake, na wajumbe wamwandikie mke wa mlevi barua ya kwenda kliniki kabla ya kumpangia tarehe nyingine ya kusuluhishwa.