Baba Yako Amesafiri

Liko jibu moja ambalo sisi watu wazima twalipenda mno, kwa kuwa halitugharimu kitu. Mtoto auliza, "Baba yuko wapi?" Nasi twamjibu, "Baba yako amesafiri." Tena twalitoa kwa sauti ya huruma, na pengine twampa sarafu akanunue andazi, kisha twadhani tumetenda wema. Mtoto wa miaka 4 huridhika. Wa miaka 14 haridhiki, ila hunyamaza, nasi twauita ukimya wake utii.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu akina mama, maana kosa tutakalolieleza ni letu pia.

Mwanafunzi mmoja wa shule yetu aliambiwa kwamba baba yake amekwenda Kongo kununua mbao. Alikuwa na miaka 11 wakati ule. Alipotimiza 14 alikuwa amekwisha kufanya hesabu ambayo hatukumfundisha darasani: miaka mitatu, barua hakuna, simu hakuna, fedha hakuna; ng'ombe wawili waliuzwa wiki ile ile baba aliyoondoka, na aliyekuja kupokea fedha alikuwa wakili kutoka mjini; na sanduku la safari la baba lingali chini ya kitanda. Siku moja, katika ugomvi wa mpira, mwenzake akamtupia neno mbele ya watu: "Baba yako yuko ndani." Jioni akaja ofisini kwetu, akatuamkia, akasimama mlangoni, akasema, "Walimu wangu, ninyi mwajua. Niambieni."

Nasi tulijua. Kijiji kizima kilijua. Tukamjibu, "Soma kwanza, mwanetu, mambo ya wakubwa waachie wakubwa."

Jumamosi iliyofuata akaomba nafasi katika lori la ndizi, akaenda mpaka mjini, kwenye lango la gereza. Askari akamwuliza amefuatana na mkubwa gani. Hakuwa na mkubwa. Akamwuliza kama baba yake ni mfungwa au ni mahabusu. Hakujua tofauti yake. Akarudishwa. Alifika nyumbani usiku wa manane, na kwa muda wa mwezi mzima hakumsemesha mama yake.

Na tulitazame vema swali la yule askari, maana lilikuwa swali la haki kuliko jibu letu. Mfungwa ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Mahabusu ni mtu anayengoja kesi yake, na sheria yamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Katika Tanzania aliyeshtakiwa kwa uuaji, kwa uhaini, au kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hapewi dhamana, basi huweza kukaa mahabusu muda mrefu kabla ya hukumu kutolewa. Mitaani hakuna anayejali tofauti hiyo. Mitaani kila aliye ndani ni mwizi. Mtoto aliyenyimwa maneno haya mawili amenyimwa hata njia ya kumtetea baba yake mbele ya wenzake, na kama baba hana la kutetewa, amenyimwa njia ya kulijua hilo kwa utaratibu.

Wako watakaosema, "Mtoto ataumia." Ataumia, ndiyo. Lakini ameumia tayari siku baba aliyotoweka. Uongo wetu haukuliponya jeraha lile. Ulimwongezea la pili, nalo lilitoka kwa watu aliowaamini. Wala msidhani siri hii yafichika. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani ya Tanzania huwekwa siku hizi katika mtandao wa TanzLII, azisome apendaye bila malipo. Kijana mwenye simu aweza kuliandika jina la baba yake usiku, peke yake chini ya shuka, akakuta mashtaka yote na ushahidi wote katika lugha ya mawakili, pasipo mtu wa kumweleza hata neno moja. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Tarehe 23 Juni 1969 Nelson Mandela, akiwa mfungwa katika kisiwa cha Robben huko Afrika Kusini, aliwaandikia barua binti zake, Zenani na Zindzi. Mkubwa alikuwa na miaka 10, mdogo miaka 8. Mama yao, Winnie, alikuwa amekamatwa mwezi uliotangulia. Baba hakuwaambia kwamba mama amesafiri. Aliwaambia wazi kwamba mama yao naye yuko gerezani, na kwamba huenda ikapita miezi mingi, pengine hata miaka, kabla ya kumwona tena. Sheria ya gereza lile ilimkataza mtoto wa kati ya miaka 2 na 16 kumzuru baba yake. Mwaka 1975 Zindzi alivuka maji kwenda kumwona akiwa hajatimiza miaka 16, kwa hati zilizobadilishwa ili aonekane ametimiza. Hatusifu kughushi hati. Lakini jamaa wale walighushi ili mtoto amwone baba yake. Sisi twaghushi maneno ili asimwone.

Mtatujibu kwamba Mandela alifungwa kwa heshima, na baba wa mwanafunzi wetu hakufungwa hivyo. Ni kweli. Lakini haki ya mtoto haikupimwa kwa kosa la mzazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema katika kifungu cha 9 kwamba serikali ikimtenga mtoto na mzazi kwa kumfunga mzazi huyo, ni lazima, ikiombwa, itoe habari za mahali alipo, isipokuwa habari hizo zitamdhuru mtoto. Najua, mtalikimbilia neno hilo la mwisho. Basi tuonyesheni madhara yenyewe, wala msituonyeshe aibu yenu mkaiita madhara ya mtoto.

Maana hatimaye mama yule alimwambia mwanawe kweli, akatuambia na sisi. Mumewe alihukumiwa kwa kuvunja ghala na kuiba kahawa ya wenzake. Na aliyeamuru itajwe Kongo ni yeye mwenyewe, siku ya hukumu, kwa kuwa hakutaka mwanawe amwone katika nguo za gereza. Uongo ule tuliouita ngao ya mtoto ulikuwa ngao ya baba, na mtoto ndiye aliyebebeshwa uzito wake miaka mitatu.

Walimu wenzetu, hatusemi mwalimu awahi kuitangaza siri ya nyumba. Kweli hii yapasa kutoka kwa mama, au kwa baba mdogo, au kwa bibi, kwa maneno machache: yuko wapi, ameshtakiwa nini, amehukumiwa au bado, na kama aweza kuandikiwa. Lakini mtoto akija mlangoni akauliza, mwalimu asimpe Kongo ya pili. Amwambie, "Swali lako ni la haki, twende pamoja kwa mama yako." Neno hilo sisi hatukulisema.

Kijana yule angali darasani kwetu. Jumamosi moja katika kila mwezi hukosa mazoezi ya mpira. Twajua aendako, wala hatumwulizi mbele ya wenzake.