Nyumba Mbili Katika Kiwanja Kimoja



Mwezi huu tunazungumzia jambo lililotuumiza sisi wenyewe hapa Mwanza. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na kompyuta moja iliyotunza daftari la akiba la miaka minne. Tulimpelekea fundi ili aiwekee mfumo endeshi wa pili. Ilirudi safi, inang'aa, lakini ndani ni tupu. Mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kirumba alituuliza, "Dada zangu, fedha zangu nitazithibitishaje?" Hatukuwa na jibu. Tuliketi jioni saba tukilinganisha risiti na madaftari ya mkono. Wawili hawakuridhika na hesabu tuliyoipata, na mmoja wao hajarudi kikundini hadi leo.

Fundi alikosea, lakini sisi ndio tuliokabidhi mashine bila kuuliza hata swali moja. Katika kazi yetu ya uuguzi, mgonjwa haingii chumba cha upasuaji kabla ya kuhakikisha jina lake, sehemu itakayopasuliwa na maandalizi ya damu. Kompyuta ya kikundi hatukuifanyia hivyo.

Huenda msomaji akauliza, mfumo wa pili ni wa nini? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kununua mpya si rahisi kwa kikundi cha kanisa. Ipo mifumo ya bure ya jamii ya Linux, kama Linux Mint na Ubuntu. Ubuntu ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake lina undugu na neno letu "utu". Ukiwa na programu ya hesabu inayokubali Windows tu, unaweza kuiacha Windows ilipo na kuweka Linux kando yake. Ni nyumba mbili katika kiwanja kimoja: kila moja na ukuta wake, nawe unachagua mlango wa kuingilia. Hata hivyo, Windows isiyohudumiwa tena usiitumie kwenye intaneti. Kazi hizo zifanyie upande wa Linux.

Zingatieni hatua hizi.

Kwanza, toeni nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje, kisha mzifungue faili hizo katika kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa ni kama chanjo iliyoharibiwa na joto: imo ndani ya jokofu, lakini haimkingi mtoto.

Pili, angalieni kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, andikeni karatasini ule ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48. Windows inaweza kuudai baada ya kazi hii, na asiye nao hufungiwa nje ya nyumba yake.

Tatu, zimeni ule mtindo wa Windows wa kuwaka haraka. Ukiwapo, kompyuta inayoonekana imezimwa huwa imesinzia tu, na mfumo mwingine ukiigusa diski hiyo unaweza kuharibu faili.

Nne, pimeni kiwanja. Punguzeni sehemu ya Windows mkiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa chombo chake cha kusimamia diski. Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 20, na inashauriwa kutenga 100.

Tano, pakueni mfumo kutoka kwa wenyewe na kuuweka katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye picha za harusi au nakala ya daftari!

Sita, iwasheni kompyuta kwa flashi na kuujaribu mfumo kabla ya kuusimika. Jaribuni printa, sauti na intaneti. Mkiona haufai, chomoeni flashi baada ya kuzima. Windows itakuwa ilivyokuwa.

Saba, wakati wa kusimika, chomekeni chaja na kuhakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ni hatari. Chagueni kuweka mfumo kando ya Windows. Lipo pia chaguo la kufuta diski yote. Hilo ndilo lililotuliza. Mkiona maneno msiyoyaelewa, simameni hapo hapo na kuuliza.

Baadaye msishtuke Windows ikionyesha saa iliyo nyuma kwa saa tatu. Linux huiweka saa ya mashine katika wakati wa kimataifa, nayo Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu. Fundi anaweza kuiambia Linux itumie saa ya hapa, nayo mifumo yote miwili ikapatana.

Mara ya pili tulifanya kazi hii Jumamosi moja na vijana wa kanisa, tukisoma hatua kwa sauti. Leo kompyuta ina mifumo miwili, na daftari lina nakala tatu: kwa mweka hazina, ofisini kwa mchungaji, na moja iliyochapwa kwenye karatasi.

Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Luka 14:28). Nasi tuketi kwanza. Fedha ya mjane iliyomo katika faili ni amana kama ile iliyomo mkobani.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.