Mtoto Anapofikia Miaka 15: Meza Ipi Inamheshimu?

Sifa zote njema anazistahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, limezuka katika miji yetu jambo ambalo zamani lilikuwa geni kwa watu wa Ng'ambo. Mtoto anapokaribia kutimiza miaka 15 au 18, wazazi wake huanza kutafuta hoteli yenye hadhi kwa ajili ya chakula maalumu cha usiku wa siku aliyozaliwa. Huulizana ni ipi yenye bustani na taa nzuri, ni ipi ambayo wahudumu wake huvaa sare, na ni ipi itakayotoka vizuri katika picha za simu. Mzazi wa Ng'ambo au Isevya, ambaye kipato chake ni kibanda sokoni, magunia machache ya karanga au mauzo ya tumbaku ya msimu, hujikuta akiipima heshima yake mbele ya mwanawe kwa bei ya sahani.

Sikusudii kumkejeli mzazi huyo. Anampenda mwanawe, na mapenzi hayo ni katika rehma ambazo Allah (SW) ameziweka ndani ya nyoyo. Ninalotaka kulisema ni kwamba kile anachokitafuta, yaani kumheshimu mtoto anayeingia katika utu uzima, ni jambo jema na dini yetu imelionesha njia yake. Hoteli, hata iwe nzuri kiasi gani, ni mahali pagumu kulipata.

Wanachuoni wamesema nini?

Katika suala la kuadhimisha siku ya kuzaliwa kila mwaka, wanachuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz na Sheikh Muhammad bin Swalih al-Uthaymin (Allah awarehemu) walilikataza, kwa hoja kwamba Uislamu una idi zake zinazojulikana, na kwamba kuitenga siku nyingine ikawa inarejewa kila mwaka kwa sherehe ni uzushi, au ni kuwaiga wasiokuwa Waislamu. Mwaka 2008 Sheikh Salman al-Awda wa Saudi Arabia alisema katika televisheni kwamba hapana ubaya mtu kuwakusanya jamaa na marafiki siku hiyo wakala chakula, maadamu haiitwi idi. Mufti Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Sheikh Abdul-Aziz Aal Sheikh, alimpinga hadharani. Dar al-Iftaa ya Misri nayo imelijuzisha kwa maana ya kushukuru neema ya uhai.

Mimi naielemea kauli ya kwanza. Mtume (s.a.w) alipoulizwa kuhusu kufunga siku ya Jumatatu, alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Wanaojuzisha huitumia hadithi hiyo hiyo kuwa ni hoja yao, na hoja yao isikilizwe. Lakini tazama namna siku ile ilivyokumbukwa: kwa kujizuia na chakula, si kwa kukiongeza. Hata hivyo, mzazi aliyefuata kauli ya pili baada ya kuuliza wenye elimu hastahiki kutukanwa mimbarini. Na zaidi ya hayo, anayekataza jambo akanyamaza, asimwoneshe mzazi la kufanya badala yake, amefunga mlango mmoja na kumwacha mwenzake nje kwenye giza.

Siku ambayo keki huichelewa

Hebu tuitazame namba 15 yenyewe, maana haikuja kwetu kutoka kwa wauza keki. Abdullah bin Umar (r.a) alijitokeza kwenda vitani siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (s.a.w) hakumruhusu. Akajitokeza tena katika vita vya Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Nafi' alipomsimulia Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, khalifa aliufanya umri huo kuwa ndio mpaka baina ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate. Ndiyo kauli ya Mashafii na Mahanbali kwa mtoto ambaye alama za baleghe hazikumdhihirikia kabla ya hapo. Imamu Abu Hanifa yeye aliona miaka 18 kwa mvulana na 17 kwa msichana.

Sasa zingatieni hesabu hii. Miaka inayokusudiwa na mafakihi ni ya mwandamo wa mwezi, na mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355. Miaka 15 ya mwandamo ni takriban siku 5,315. Miaka 15 ya cheti cha kuzaliwa ni takriban siku 5,479. Tofauti yake ni siku 160 na ushei, yaani zaidi ya miezi mitano.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba binti anayeandaliwa keki ya miaka 15 amekwishakuwa mukallafu kwa muda usiopungua miezi mitano. Ikiwa alama za baleghe zilimjia akiwa na miaka 12 au 13, kama inavyowatokea wengi, basi ni miaka miwili au mitatu sasa amali zake zinaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Je, nani alimwambia? Shuleni alifundishwa mabadiliko ya mwili. Mama alimfundisha usafi. Ni nani aliyeketi naye akamweleza kwamba kuanzia siku ile swala aliyoiacha ni yake, funga aliyoila bila udhuru ni deni lake, na kwamba baba hatamjibia kesho mbele ya Mola wake? Tukio lenyewe lilipita kimyakimya nyumbani, kisha keki ikaja kama mgeni anayebisha hodi karamu ikiwa imekwisha.

Kijana aliyekaa kulia

Wapo watakaosema kwamba dini haina nafasi ya kumkirimu kijana mezani. Si kweli. Mtume (s.a.w) aliletewa kinywaji, naye kuliani kwake ameketi kijana na kushotoni wameketi wazee. Baada ya kunywa alimwomba kijana idhini ili awape wazee kwanza. Kijana akakataa kwa adabu, kwamba fungu lake litokalo kwa Mtume hampi mtu mwingine. Mtume (s.a.w) akamkabidhi mkononi mwake. Baadhi ya washereheshaji wamesema kijana huyo alikuwa Abdullah bin Abbas (r.a).

Zingatia: kijana aliombwa idhini, jibu lake likaheshimiwa mbele ya wazee, na haki yake akapewa. Hapakuwa na gharama yoyote. Na Umar bin Abi Salama (r.a), aliyelelewa katika nyumba ya Mtume, mkono wake ulipokuwa ukizunguka katika sahani, alifundishwa palepale kumtaja Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakuacha kula hivyo baada ya siku ile. Meza moja ilimtosha umri mzima, kwa sababu mkubwa wake alikuwa ameketi pamoja naye akimtazama.

Ukarimu wa Unyanyembe

Watu wa Tabora hatuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kukirimu. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara katika njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyewafungulia nyumba. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa katika tembe la Kwihara, ambalo hadi leo ni makumbusho. Heshima ya mgeni katika nchi ya Unyanyembe ilijulikana kwa mwenyeji kumwingiza nyumbani mwake, na nyumba za kupangisha wageni zilikuja baadaye, wakati wa reli ya Wajerumani iliyofika hapa mwaka 1912.

Lakini tuseme ukweli wote. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Sinia nyingi zilizowapendeza wageni katika matembe yale zilipikwa na kubebwa na watu wasiokuwa na hiari, ambao hakuna aliyeandika majina yao wala siku zao za kuzaliwa. Kwa hiyo anayeishi Tabora akiiona meza iliyopambwa, ana wajibu wa kuuliza swali moja la ziada: aliyepika anakula nini? Mtume (s.a.w) ameelekeza kwamba mtumishi akikuletea chakula, umketishe ule naye, na kama hukumketisha, basi umpe tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyeshughulika na joto lake.

Ukiamua kutoka nje

Kula hotelini kwa asili yake ni halali. Familia ikitaka kutoka siku yoyote ile ili wafurahi pamoja, hapana wa kuwazuia. Lakini kuchagua kuna masharti, na mzazi Mwislamu asitangulize taa na bustani.

Kwanza, aangalie kama pombe inauzwa hapo. Imekuja katika hadithi katazo la kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe, na hoteli nyingi kubwa za miji yetu ukumbi wa chakula umepakana na baa. Pili, aulize nyama imechinjwa na nani. Kuuliza si ushamba. Tatu, aangalie wakati. Chakula cha usiku huangukia baina ya Maghribi na Isha. Ni msiba mtoto afunguliwe mlango wa utu uzima katika usiku ambao familia nzima imepitisha Maghribi ikisubiri picha. Ama waende baada ya Isha, ama wachague mahali penye pa kuswali. Nne, asikope. Tuchukue mfano: watu 10 kwa sahani ya shilingi 15,000 ni shilingi 150,000, ongeza keki 40,000, usafiri na mpiga picha 30,000, jumla ni 220,000. Ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa.

Mwenye kuyazingatia haya huenda akagundua kwamba mahali panapofaa ni mgahawa mdogo ulio karibu na msikiti, wenye biriani nzuri na maji ya kutawadha, kuliko hoteli ambayo kila mtu anaitaja.

Meza ya nyumbani

Pendekezo langu ni hili. Mtoto anapobaleghe, wazazi wachague usiku mmoja wowote. Usifungamane na tarehe, usirejewe kila mwaka, wala usiitwe sunna, ili tusije tukaondoa uzushi mmoja kwa kuleta mwingine. Usiku huo mtoto asiwe mgeni, awe mwenyeji. Apewe fedha mkononi aende sokoni na mama yake au baba yake, ajifunze bei ya mchele na ya kuku. Yeye ndiye aamue nani aalikwe, kwa sharti kwamba mmoja katika waalikwa awe jirani ambaye hana cha kumlipa. Mvulana asalishe Isha, baba na ndugu zake wakiwa nyuma yake, hali ya kuwa anajua kusoma. Binti apewe mkoba wa sadaka wa nyumba, uwe chini ya usimamizi wake tangu usiku ule. Kisha wazazi wamweleze waziwazi, bila haya isiyo na faida, kwamba sasa ni mukallafu, na wamsikilize naye ana lipi la kusema. Fedha zilezile za hoteli, kila mpishi wa Tabora anajua, hulisha watu zaidi ya mara mbili zikipitia sokoni.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Katika nyumba nyingi zetu yumo binti wa kazi, aliyeletwa kutoka kijijini. Mara nyingi umri wake ni uleule wa mtoto tunayemhangaikia hoteli. Yeye ndiye anayekoroga sufuria, ndiye anayebaki kulinda nyumba wengine wanapopanda gari, na katika nyumba hizo hakuna anayejua amezaliwa lini. Naye amebaleghe. Naye amali zake zinaandikwa, na zetu juu yake zinaandikwa pia. Mzazi anayetaka kujua kama meza yake imemlea mwanawe, atazame kama mwanawe amesogea ili binti yule apate pa kukaa.

Tunamuomba Allah (SW) atulelee watoto wetu na watoto wa wenzetu walio chini ya mikono yetu, na atujaalie kuwa wenyeji wema kwao. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.