Hao Walikuwa Panya, Si Kogo Yako

Wiki hii nimetumiwa video ileile mara sita. Jamaa amesimama katikati ya shamba la chai huku kwetu, ameshika majani ya rangi ya zambarau, anaambia watu kikombe kimoja kila asubuhi kinazibua mishipa ya ubongo. Chini kuna namba ya kulipia. Watu wanamuuliza kama inasaidia mtu aliyepata kiharusi, na anawajibu wote: ndio, anza na pakiti mbili.

Wasee, hapana.

Chai yenyewe si feki. TRFK 306 ni yetu kabisa, watafiti wa Kericho waliihangaikia miaka mingi kabla ya kuitoa kwa wakulima 2011. Ile rangi inatoka kwa anthosianini, ambazo ni jamii ya flavonoidi. Na utafiti upo. Mwaka wa 2014 jarida la Nutritional Neuroscience lilichapisha kazi ya Rashid, Wachira na wenzao: anthosianini za chai hii zinaweza kuvuka ule ukuta unaochuja kitu kinachotoka kwa damu kuingia ubongo, na zikifika huko, glutathioni inaongezeka. Glutathioni ni kinga ambayo seli hujitengenezea dhidi ya sumu zinazotokana na oksijeni. Kazi safi, na ya Wakenya.

Lakini soma kichwa chake mpaka neno la mwisho. Neno la mwisho ni panya.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na bado nimeliona hilo neno. Panya wenyewe hawakuwa na kiharusi. Walipewa anthosianini zilizotolewa kwenye majani, si chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu.

Najua mtajibu nini: kama inakinga ubongo wa panya, si itakinga na wa mtu? Wazo si la kijinga. Kiharusi kwa kawaida ni damu iliyoganda na kuziba mshipa. Seli zinakosa oksijeni, zinaanza kufa kwa dakika chache, halafu hata damu ikirudi inakuja na wimbi la sumu hizo hizo. Ukiweza kuzinasa, utaokoa seli. AstraZeneca walifikiria hivyo pia. Walikuwa na dawa inaitwa NXY-059, ikafanya vizuri kwa wanyama wa maabara. Jaribio kubwa la kwanza kwa watu, 2006, likaleta matumaini kidogo. La pili likatoka 2007, wagonjwa zaidi ya 3,000, dawa inaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa ndani ya saa 6. Ikashindwa. Wakaiacha. Hao walikuwa na pesa, maabara na madaktari. Wewe una pakiti yenye picha ya ubongo na simu ya kupokea M-Pesa.

Na msiniambie ati ni mmea tu, haina madhara. Jirani ya kogo yangu alikaa mwezi mzima bila vidonge vya presha kwa sababu mtu alimwambia chai inatosha. Presha ndiyo inayoongoza kuwaletea watu kiharusi! Kogo ndiye alimshika mkono akampeleka zahanati. Vidonge vya presha ni vya bei nafuu kuliko hiyo pakiti, manze.

Halafu kuna saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza upigwe picha ya CT kuhakikisha mshipa umeziba, haujapasuka. Sasa weka hiyo hesabu Bomet ndani kabisa, mvua imenyesha, boda zinateleza. Mzee mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, maneno yanakokota. Na mtu jikoni anachemsha chai kwanza.

Kitu kingine kinaniudhi, na kinaweza kuwa posti yake siku moja. Wakulima waliambiwa zambarau italipa kuliko kijani. Wengi wamelalamika miaka mingi kwamba majani yao yanaenda kwa mzani mmoja na mengine, kwa bei ileile. Kwa hivyo hata hiyo pesa ya uongo haifiki kwa mwenye mgongo unaouma.

Kunywa chai ya zambarau ukiipenda. Mimi nakunywa, ina ukakasi fulani mzuri bila maziwa. Hii posti ni ya wanaoiuza kama dawa, na ya sisi tunaotengeneza kontenti tukiwasaidia. Mwezi uliopita mmoja wao aliniandikia inboksi: video tatu, elfu kumi na tano. Nikamwambia sawa, bora kwenye kila video niseme imejaribiwa kwa panya. Tiki zimegeuka bluu, na hajajibu mpaka leo.