CHALA: MGONJWA WA AKILI SI JAMBAZI!

Kijana mwenzangu uliyekaa kijiweni hapo Chala, hebu tuulizane. Rafiki yako akichanganyikiwa, au gongo ikimpanda akaanza kurusha mawe barabarani, nani huitwa kwanza? Muuguzi? Thubutu! Mgambo. Kamba mikononi, usiku mahabusu, asubuhi mshitakiwa. Akijaribu kujiua ndiyo balaa zaidi: Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza inasema ametenda kosa!

Lakini Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua kuwa ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Apelekwe ipi? Mirembe iko Dodoma! Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Mbeya mwaka 2017, nayo ni ya wa heroini, si wa gongo.

Wasikudanganye kuwa hela hakuna. Mahindi na maharage ya Ufipa yakinunuliwa, halmashauri inatoza ushuru. Mnunuzi analipa, kisha anajifidia kwa kumpunja bei baba yako. Jasho lenu hilo! Posho za vikao zinapatikana. Muuguzi mmoja wa akili, dawa zake na pikipiki ya kumfikisha kwa mgonjwa ndiyo iwe mwiko?

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu. Acha bao, nenda. Simama mbele ya watu umwulize diwani: fungu la wagonjwa wa akili Nkasi ni shilingi ngapi? Akibabaika, usikae chini. Leo kafungwa kamba rafiki yako. Kesho ni wewe.