Nani Kasema Wimbo wa Taratibu Ni wa Kulalia?

Mpiga ala akishusha kasi ya wimbo unaofahamika, hakosi mtu wa kumsahihisha. Madai ni yaleyale ukumbini, harusini na kwenye mazoezi ya kwaya, na mengi hayana mguu wa kusimamia.

Linaloniudhi kuliko yote ni kwamba wimbo wa taratibu ni rahisi: vidole havikimbii, basi hata anayejifunza anauweza. Mpe kanuni, ile ala ya nyuzi, anayesema hivyo. Uzi ukishachunwa, sauti yake huanza kufa papo hapo. Wimbo ukiwa wa kasi, noti ya pili huja kabla ya kwanza kuzimika. Mwendo ukishuka hubaki nafasi tupu, na mpigaji ndiye wa kuamua aiache au aijaze. Ndiyo maana mpiga udi huitetemesha risha juu ya uzi uleule, na wa kanuni huizungusha noti kwa jirani zake. Fidla, nai na akodiani hazina shida hiyo, lakini zina yao: noti ndefu ikipotoka kidogo tu, ukumbi mzima unapata muda wa kuisikia. Katika kasi, kosa hupita na msafara.

Kwaya ndiyo huumbuka zaidi. Mwalimu akitoka mapigo 100 kwa dakika akaenda 60, mstari uliokuwa ukichukua sekunde 6 sasa unataka 10, na mapafu ni yaleyale. Pumzi ikipungua, sauti nayo huteremka; bila kinanda cha kuwashikilia, waimbaji waweza kumaliza ubeti wa nne mahali ambapo besi wanakoroma na soprano wanashangaa. Tena kila mmoja analikimbilia pigo linalofuata kwa sababu ya kuogopa ule ukimya wa katikati. Kuutulia ukimya huo ni ufundi, na hufunzwa kwa kuhesabu mapigo madogo kimoyomoyo ndani ya lile kubwa.

Wanasema pia kwamba wimbo wa taratibu hauchezeki. Jamaica walilijibu hili mwaka 1966, pale ska iliposhushwa kasi ikawa rocksteady. Watu hawakurudi kukaa kwenye viti. Besi, iliyokuwa ikikimbizana na wenzake, ilipata nafasi ya kusema lake, na haikupita miaka mingi reggae ikazaliwa humohumo. Kwetu, aliyewahi kucheza dansi anajua kwamba wawili hushikana kiuno katika sehemu ya kwanza ya wimbo. Chemko likianza wanaachana, kila mtu na jasho lake.

Na taarabu? Mtazame mama anayekwenda kutunza. Ananyanyuka kitini, anajitikisa kidogo, anapita katikati ya wenzake huku noti ya pesa ameiinua juu, na shabaha yake ni kufika mbele wakati ule ubeti unaomsemea ukiimbwa, ili mlengwa aelewe bila kutajwa jina. Mwendo ukiwa wa mbio, ubeti umepita yeye bado anatafuta njia baina ya viti. Kwa hiyo hata anayetunza ana hesabu yake katika kasi ya wimbo.

Sasa niwageukie wenzangu, maana sisi wapenda taratibu nasi tuna madai yetu mabovu. Tunapenda kusema kwamba zamani kila kitu kilikuwa cha polepole, na kasi imeletwa na vinanda vya umeme. Kidumbaki cha Unguja kinatosha kutukanusha: sanduku, fidla na vigoma viwili, na mwendo wa kuwatoa jasho wanaharusi. Halafu tunachanganya urefu na upole. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, wimbo uwe wa kasi au wa taratibu. Umm Kulthum, jukwaani Cairo bila santuri ya kumbana, aliweza kuuimba wimbo mmoja kwa saa nzima, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilitokana na kurudia mstari kila mara kwa mapambo mapya kwa kuwa wasikilizaji waliutaka tena. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Dai letu la pili, kwamba taratibu hufanya maneno yasikike, ni kweli nusu. Mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, unahitaji nafasi, la sivyo silabi hubanana kama abiria wa daladala. Lakini ukiukokota kupita kiasi, msikilizaji hufika kwenye kina cha mwisho akiwa ameshasahau mtenda ni nani. Chakacha nayo ukiipunguza sana, kiuno kinakosa cha kukishika. Si kila wimbo unavumilia.

Limebaki la vijana: kwamba simu inaweza kushusha kasi, mazoezi ya nini? Programu huvuta kilichokwisha kuimbwa. Inarefusha pumzi, mtetemo wa koo na konsonanti kwa kipimo kimoja. Mwimbaji hafanyi hivyo. Anaipita konsonanti upesi kama kawaida, anakaa kwenye vokali, kisha anachagua upya pa kuvuta pumzi. Kwa kujifunzia mkato mgumu wa gitaa, simu ni mwalimu mzuri sana, na nawashauri waitumie.